MJADALA: Angalizo la upepo mkali liwe amri kwa vyombo vidogo, au kila nahodha aachiwe akili yake?

Mleta mada, Kizingo
Assalaam alaykum. Kila upepo wa kusi ukikaza, TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, hutoa angalizo: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2, Unguja na Pemba zimo. Na kila likitoka, alfajiri yake ngalawa zinashuka majini kama halijatolewa. Mie naona liwe amri. Likitoka, chombo kidogo kisiondoke diko, pale pwani vyombo vinapoegeshwa. Meli ya Spice Islander iliyozama 2011 haijatutosha?

Nahodha Mstaafu, Nungwi
Spice Islander ilijazwa watu kupita kiasi, bwana, usiisingizie upepo. Skagit, ile iliyozama Julai 2012 upande wa Chumbe, ndiyo iliyokutana na bahari chafu, nayo ilikuwa boti, si ngalawa. Sasa nijibu: huyo kijana aliyekaa ofisini na kompyuta yake anaijuaje Nungwi? Hapa mkondo ukienda juu na upepo ukija kichwa, wimbi linasimama wima hata upepo ukiwa mdogo. Vikienda pamoja, siku hiyo ya angalizo unapita na tanga umelipunguza. Kwenye tangazo hilo halimo.

Fuoni Kwetu
Utabiri wenyewe ndio huo? Juzi simu imenionesha wingu na asilimia 60 ya mvua, nikaacha kufua. Jua likawaka mpaka magharibi.

Mwalimu wa Jiografia
"Kijana aliyekaa ofisini." Ahsante, baba. Huyo kijana hasomi nyota. Ana vipimo vya uwanja wa ndege wa Unguja na wa Pemba, ana picha za satelaiti, na ana kitu kinachopimika siku kadhaa kabla. Wakati wa kipupwe chetu, kusini mwa dunia ni baridi, na mgandamizo mkubwa wa hewa unajijenga kule karibu na visiwa vya Mascarene, mashariki ya Madagaska. Hewa inasukumwa kuja huku kwenye mgandamizo mdogo. Hilo ndilo kusi. Tofauti baina ya migandamizo hiyo ikiongezeka, upepo unakaza, hakuna jini hapo. Na upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake kwenye tanga haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Fuoni, asilimia 60 maana yake siku kumi za namna ile, nne hazinyeshi. Wewe umeangukia kwenye zile nne. Tushukuru tu kwamba vimbunga havitufikii, ikweta iko karibu.

Wa Wete
Havitufikii? Na mwaka 1872, zama za Sultani Sayyid Barghash, kilichoipiga Unguja ni nini, mwalimu, kipepeo?

Mwalimu wa Jiografia
Nimesema kwa kawaida. Kimbunga kinahitaji kusokotwa na mzunguko wa dunia, na msokoto huo kwenye ikweta ni sifuri, kwa hiyo ndani ya nyuzi 5 ni nadra mno kujiunda. Unguja iko nyuzi 6 kusini, ukingoni pale. Kikijiunda kwengine kinaweza kutujia. Aprili 1952 kilifika Lindi, na Hidaya, Mei 2024, ilifika Mafia.

Darajani Sokoni
Ndicho hicho cha 1872 kilichowapa Wapemba karafuu zetu. Mikarafuu ya Unguja ikalala chini, ya Pemba ikasimama, na tangu siku hiyo hatupumui kwa majigambo.

Wa Wete
ZENU? Mmezaliwa nazo? Mkarafuu wenyewe umeletwa na meli, kwenu na kwetu. Pemba ina vilima, ina mvua nyingi kuliko Unguja, mti umeipenda, basi. Miaka yote hii baada ya kimbunga mmeshindwa kupanda upya, na hilo nalo kosa la upepo? Njoo msimu wa mavuno uone mtoto anavyokalishwa pembeni ya jamvi la karafuu zilizoanikwa, kazi yake moja tu, kuangalia juu. Tone la kwanza likimgusa anapiga ukelele, nyumba nzima inatoka mbio kukunja majamvi. Karafuu ikirowa ikalala, inafanya ukungu na rangi inakwenda. Nyie mnaijua karafuu ya kwenye pilau.

Mvuvi wa Jambiani
Samahanini wakubwa, naona tumeshafika jikoni. Angalizo ni ngazi ya chini, ina rangi ya njano. Juu yake kuna tahadhari, halafu tahadhari kubwa. Mkilifanya angalizo kuwa amri, kusi zima tutakaa barazani, na watoto wale nini? Pili, tangazo moja linasema Unguja na Pemba, lakini kusi linatupiga sisi wa mashariki. Wa magharibi amekingwa na kisiwa. Na sisi wenyewe, ndani ya mwamba ni maji ya kutembea na mtego, nje ya mwamba ni bahari kuu. Amri iwe ya nje ya mwamba, na ianzie kwenye tahadhari.

Darajani Sokoni
Pilau yenyewe Mpemba anapika kwa kupima karafuu kwenye mizani.

Nahodha Mstaafu, Nungwi
Mwalimu, sie hatukungoja satelaiti. Wazee wanahesabu miongo, yaani siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wetu wa jua, na wanakwambia mwongo huu mvua, mwongo huu upepo wa malelezi, ule wa baina ya kusi na kaskazi, na inakuwa. Siku hizi haiwi kwa sababu mmeshaharibu tabianchi. Mwaka huu kaskazi yenyewe imechelewa.

Mwalimu wa Jiografia
Kaskazi kuchelewa mwaka mmoja ni hali ya hewa, baba. Tabianchi ni wastani wa miaka 30 kwenda juu. Na miongo ina hesabu yake: 36 mara kumi, ongeza siku tano, jumla 365. Haina mwaka mrefu. Kila miaka minne inateleza siku moja, katika miaka mia siku 25 hivi. Mvua inafuata jua, na miongo inaliacha jua. Kwa hiyo mwongo aliokwambia babu yako sio huu unaouhesabu wewe, hata dunia isingepata joto.

Mkae wa Makunduchi
Hapo sasa umetugusa. Kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya Nairuzi, hatupigani kwa mashina ya migomba ili tutabiri mvua. Ni mila yetu. Na wanaohesabu si wajinga: mzee akiona mchoo, mvua ndogo za kipupwe, umekuja mapema, anarudisha mwongo. Hilo kwenye vitabu vyenu mliliandika?

Mleta mada, Kizingo
Wa Jambiani kasema jambo na hakuna aliyemjibu. Mie nakubali ianzie kwenye tahadhari. Ila nani atasimama diko saa kumi usiku kuzuia ngalawa?

Fuoni Kwetu
Mzee anarudishaje mwongo? Yaani siku haikuwapo?

Mkae wa Makunduchi
Njoo Makunduchi uulize vizuri, na uache dharau nyumbani.

Wa Wete
Darajani, nitakujibu hiyo mizani usiku. Saa hizi wingu limefunga upande wa Mtambwe na karafuu zote ziko nje.

Darajani Sokoni
Mvua ikiziharibu, msiseme ni Unguja tena.

Nahodha Mstaafu, Nungwi
Mwalimu, mkondo hujanijibu.

Mwalimu wa Jiografia
Nimekujibu, tanga mara nne.

Nahodha Mstaafu, Nungwi
Hilo ni tanga. Nimeuliza mkondo.