MJADALA: Manowari kubwa kuliko Yamato, ni silaha kweli au mzigo wa chuma?

Wakuu habari za muda huu. Kuna mchoro unazunguka kwenye magrupu, wengi mtakuwa mmeshauona, wa kundi la manowari za kubuni, kubwa kuliko hata Yamato ya Wajapani, manowari kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa. Meli moja ina urefu wa mita 400, mizinga 16 yenye kipenyo cha sentimita 60, deraya (chuma cha kinga) ya nusu mita pande zote na mwendo wa kilomita 74 kwa saa, na chini yake jamaa kaandika kwamba Japani au Ujerumani wangekuwa nazo tatu tu basi vita ya pili ya dunia ingeisha kivingine. Watu wamegawanyika. Kuna wanaoshangilia, na kuna wanaosema manowari zilikufa siku ndege zilipoanza kubeba mabomu kwa hiyo hakuna cha kujadili. Mimi napinga pande zote mbili.

Hoja yangu ni hii: meli ya vita haianzi kuchorwa kwenye mzinga. Inaanza kwenye maji itakayopita na gudi (pa kutengenezea meli) itakayoingia ikiumia, halafu ndio unauliza ibebe nini. Ukianza na mzinga unapata picha nzuri ya kuweka kwenye simu, meli hupati.

Na msidhani michoro ya namna hii ni ya watoto wa gemu, serikali zimeichora kweli. Seneta mmoja wa Marekani, Benjamin Tillman wa South Carolina, alichoka kuona jeshi la majini kila mara linarudi kuomba hela ya meli kubwa kidogo kuliko ile ya juzi, akawaambia nichoreeni ile kubwa ya mwisho kabisa tujue moja. Wahandisi walipokaa chini mwaka 1916 kitu cha kwanza walichoangalia ni milango ya mfereji wa Panama (vyumba vya maji ambavyo meli lazima ipite), upana futi 110 yaani mita 33 na nusu, urefu futi 1,000, kila kitu kikabanwa humo humo. Mchoro mmojawapo ulifika tani 80,000 ukiwa na mizinga 24 ya inchi 16, tareti (vibanda vya chuma vinavyozunguka na mizinga) nne za mizinga sita sita. Haikujengwa hata moja, ila angalieni walianzia wapi. Miaka ya baadaye meli za Iowa zikatoka na upana wa mita 33 kwa sababu hiyo hiyo, na Marekani walipoamua kuvunja mpaka huo kwa kundi la Montana, upana karibu mita 37, ilibidi waanze kupanga na milango mipya ya mfereji. Mwaka 1943 Montana zote tano zikafutwa, hakuna hata mkuku (uti wa chini wa meli) uliolazwa.

Sasa turudi kwenye mchoro wetu tupige hesabu, maana hesabu haina ushabiki. Deraya ya nusu mita, urefu mita 400, tuseme kimo mita 10 tu, pande mbili. Hizo ni mita za ujazo 4,000 za chuma, na mita moja ya ujazo ya chuma inakaribia tani 8, kwa hiyo kuta za ubavuni peke yake ni zaidi ya tani 31,000. Mkataba wa Washington wa 1922 uliweka kikomo cha manowari nzima kuwa tani 35,000, nzima na mizinga yake na injini zake. Yamato yenyewe, na deraya yake ya milimita 410, haikuvalishwa chuma hicho kutoka omo hadi tezi, walifunika katikati tu penye injini na maghala ya makombora, huku mbele na nyuma wakaacha chuma chepesi, na bado ikibeba kila kitu ilifika karibu tani 72,000.

Halafu mwendo. Nguvu ya injini inapanda kama mchemraba wa mwendo, yaani ukitaka mwendo mara mbili unahitaji nguvu karibu mara nane. Yamato ilikuwa na hosipawa 150,000 na ikakimbia kama kilomita 50 kwa saa. Kwa meli ile ile bila kuongeza hata tani moja, kufika kilomita 74 unahitaji karibu hosipawa 490,000, na sisi tunaongelea dude kubwa mara kadhaa. Hayo mafuta yanatoka wapi? Japani yenyewe ilikuwa inabana mafuta kiasi kwamba Yamato ilikaa muda mrefu imetia nanga kule Truk, kituo chao kwenye visiwa vya Pasifiki, mabaharia wa meli nyingine wakawa wanaiita Hoteli Yamato.

Jamani kujenga nako si mchezo. Pale Nagasaki walipokuwa wanaunda Musashi, pacha wake Yamato, waliifunika kwa pazia kubwa la kamba ili watu mjini wasione kinachoendelea, mpaka wavuvi wakaanza kukosa kamba za kazi zao. Tareti moja ya mizinga yake mitatu ilikuwa na uzito wa tani 2,500 hivi, uzito wa manowari ndogo nzima, na ikabidi kuundwe meli maalum, Kashino, ya kusafirisha mizinga kutoka Kure kuja Nagasaki. Siku wanaishusha majini, Novemba 1940, ilisukuma wimbi lililopindua mitumbwi ya uvuvi ng'ambo ya bandari. Hiyo ni meli ya mita 263! Ya mita 400 utaishushia wapi?

Naongezea baada ya kusoma majibu yenu.

Kuna mkuu kasema ukubwa wenyewe ni kinga, kwamba meli ikiwa kubwa deraya inakuwa na nafuu. Hapa ana hoja nzito na nashangaa wengine mnamrukia. Ukiongeza vipimo vyote vya meli mara mbili uzito inaoweza kubeba unapanda mara nane, lakini eneo la kufunika linapanda mara nne tu, kwa hiyo kweli dude kubwa linamudu chuma kinene kuliko dogo. Ndio maana Wajapani walienda njia hiyo, walijua hawawezi kushindana na Marekani kwa idadi wakasema basi kila moja yetu iwe na nguvu kuliko yao. Hiyo haikuwa akili mbovu. Tatizo ni chini ya maji. Kule deraya nene haisaidii sana, kinachosaidia ni nafasi na maungio mazuri, na hapo ndipo Yamato ilipopungukiwa. Tarehe 25 Desemba 1943 nyambizi ya Marekani, Skate, iliipiga torpedo (kombora la chini ya maji), maungio kati ya deraya ya juu na ya chini yakaachia, ikaingia kama tani 3,000 za maji. Torpedo moja! Chuma cha milimita 410 kilikuwepo palepale juu, ila kilichoshindwa ni pale vipande viwili vinapokutana. Huo mchoro wenu wa mita 400 una mita nyingi zaidi za maungio, na mchoraji hajaonyesha hata mstari mmoja wa jinsi yanavyofungwa.

Wa upande wa ndege nao wamekuja juu, wamenitajia Prince of Wales na Repulse za Waingereza zilizozamishwa na ndege za Japani 10 Desemba 1941, Musashi Oktoba 1944, Yamato 7 Aprili 1945. Sikatai, ni kweli. Lakini tazameni Musashi ilikunywa nini kabla ya kuzama, takriban torpedo 19 na mabomu 17, na haikuwa na ndege za kuilinda. Meli gani nyingine ingestahimili hapo? Kwa hiyo msiseme ukubwa haukusaidia kitu. Semeni ulisaidia kuchelewesha kifo, haukusaidia kushinda, maana kwa gharama ile ile wangepata vitu vingine walivyovihitaji zaidi. Wajapani wenyewe walilijua hilo mapema kiasi, meli ya tatu ya kundi hilo, Shinano, wakaigeuza kuwa ya kubeba ndege, nayo nyambizi ikaizamisha Novemba 1944 hata haijapigana.

Na yule aliyeuliza kwa nini Wajerumani walichora H-44, mita 345 na zaidi ya tani 130,000, kama haina maana: ule ulikuwa mchoro wa makaratasini, hakuna aliyekaa kuagiza chuma chake. Zilizolazwa mkuku ni mbili za mwanzo za kundi hilo, 1939, na vita ilipoanza tu kazi ikasimamishwa. Mnailinganisha H-44 na Yamato kama vile zote mbili zilielea.

Wengine mnasema haya ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Hapana, hapa kwetu kuna mfano mzuri kuliko yote. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta hadi Goliath, manowari kubwa yenye mizinga ya inchi 12, mizinga ambayo ingeifumua Königsberg kama ingefika. Haikufika. Tumbo lake linaingia ndani sana majini, na mdomo wa Rufiji ni matope na michanga. Walioimaliza Julai 1915 ni Severn na Mersey, vimeli vya mtoni vya maji mafupi vyenye mizinga ya inchi 6, vilivyokokotwa kutoka Malta, na ndege kutoka Mafia ikiwaelekeza makombora yanaangukia wapi. Mzinga wa Königsberg mpaka leo uko Fort Jesus, Mombasa, anayepita akautazame.

Kwa hiyo mkiniuliza ningechora nini, mimi ningebaki mita 270 hadi 300, mizinga mikubwa tisa isizidi hapo, uzito unaobaki ningeupeleka kwenye vyumba vya kuzuia torpedo na mizinga ya kutungulia ndege, na usukani ningeweka viwili vilivyotenganishwa vizuri, kwa sababu Bismarck ya Wajerumani 1941 iliponzwa na torpedo moja iliyokwamisha usukani, ikabaki inazunguka mpaka Waingereza wakaikuta. Anayeona mizinga tisa ni michache alete hesabu ya uzito, atuonyeshe anaupunguza wapi.