Mafundi baiskeli wa presha na oili chafu, mmeniulia cheni na friwili masika haya!!

Wakuu poleni na mvua. Naandika nina hasira, nikichanganya mambo mnisamehe.

Mimi nakaa Chanika ndani ndani huko, kutoka lami mpaka getini kwangu ni tope tupu, lile la mfinyanzi linalojaa kwenye madigadi mpaka tairi linagoma kuzunguka unaibeba baiskeli begani kama mzigo wa kuni. Baiskeli yenyewe mtumba wa Kijapani, gia sita, naipenda kuliko simu yangu. Sasa masika yote kila Jumamosi naipeleka kwa fundi mmoja hapa mtaani, naacha buku tatu naenda zangu sokoni, nikirudi naikuta inang'aa nasema kweli huyu jamaa anajua kazi. Kumbe!

Jumamosi iliyopita mvua ikanibana palepale nikakaa kwenye benchi nikaangalia mwanzo mwisho. Aisee. Fundi hata hagusi kitu, anamwita dogo wa kuosha bodaboda, dogo anakuja na ile mashine ya presha anaielekeza moja kwa moja kwenye haba ya nyuma (kitovu cha tairi) na kwenye krenki (pale pedeli zinapozungukia), palepale kwenye gololi! Grisi yote inasukumwa nje, maji na mchanga ndo vinabaki ndani. Nikasema dogo sogeza mbali, akanicheka.

Halafu cheni bado inachuruzika maji, fundi anachukua chupa ya maji iliyojaa oili chafu, ile nyeusi tii iliyotolewa kwenye injini ya gari, anamimina cheni nzima huku anazungusha pedeli kinyumenyume. "Hapo kaka utapaa."

Nilipitisha kidole kwenye cheni nikasugua na dole gumba, unasikia kabisa punje za mchanga, yaani ni msasa uliolowekwa kwenye oili. Na hiyo ndo inazunguka kwenye meno ya gia zako kila siku, we unadhani kitapona nini?

Nikamuuliza kwa upole tu, fundi mbona huanzi na mafuta ya taa? Nusu kikombe, mswaki wa zamani, unasugua cheni, unachokonoa tope katikati ya gia na kwenye vile vigurudumu viwili vya plastiki huko chini (vya kwangu vilikuwa vimevaa tope mpaka meno hayaonekani), unafuta na tambara, unaacha ikauke, ndo unadondosha oili safi tone moja moja kila kiungo na unafuta inayobaki nje. Jibu lake: "Kaka unanifundisha kazi? Baiskeli zote hapa nazihudumia hivi." Haya, labda zile Phoenix za wauza mkaa zinavumilia, cheni yake nene na haina mambo mengi. Ya gia ni nyembamba mzee!

Nikarudi nyumbani nikachukua rula. Viungo 24 vya cheni, pini hadi pini, vinatakiwa viwe inchi 12 kamili, kama sentimita 30 na nusu hivi, yangu inasoma 30.8. Imekwisha. Na ikishavutika hivyo inakula na friwili, zile gia za tairi la nyuma, meno yamechongoka kama mapezi ya papa, nikifunga cheni mpya peke yake itakuwa inaruka tu. Juzi kwenye kilima cha Pugu nimekanyaga kwa nguvu ikaruka, goti likapiga hendo, mpaka leo nachechemea.

Nimemfuata akasema baiskeli ilikuja mbovu. Mbovu wakati mwezi wa pili nilipima iko sawa?? Hata buku tatu yangu ya Jumamosi hajarudisha, na juzi nimepita namwona anamiminia mtoto wa shule oili ileile kwenye kibaiskeli chake.

Mliozoea Kariakoo, friwili ya gia sita isiyo feki na cheni yake naipata duka la upande gani na shilingi ngapi? Maana sasa hivi napanda bodaboda mpaka lami, buku asubuhi buku jioni.