Naogopa hata ngazi, nami nimelipiwa kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege

Kijana wa Uyole:

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mkazi wa Uyole hapa Mbeya, nina umri wa miaka 31, na mwezi ujao ninatarajia kwenda Diani, pwani ya kusini ya Kenya, ambako shemeji yangu amenilipia zawadi nisiyoiomba: kuruka kutoka kwenye ndege nikiwa nimefungwa pamoja na mwalimu, kisha kushuka kwa mwavuli. Nilipopata ujumbe wake nilicheka, nikaandika "nashukuru sana shemeji", na tangu usiku ule nimekuwa nikilala kwa mang'amung'amu.

Tatizo langu ni kwamba ninaogopa mahali pa juu. Majuzi nilipanda ngazi kupigilia bati la jiko lililong'olewa na upepo, na kabla sijafika hata kwenye kenchi miguu ilianza kutetemeka kiasi kwamba mdogo wangu alilazimika kuishikilia ngazi huku akinicheka. Je, mtu wa namna hii anaweza kweli kusimama kwenye mlango wa ndege? Je, mtu anapoporomoka kwa kasi ile anaweza kupumua? Na mama yangu, ambaye hata nikipanda pikipiki usiku hukesha akinisubiri, nimwambie au ninyamaze mpaka nirudi?

Msafiri wa Tukuyu:

Mwagonile, ndugu yangu. Niliruka kwa mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita, huko huko Diani, nami ni mwoga wa ngazi kama wewe, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona.

Hofu ya ngazi na hofu ya ndege si kitu kimoja. Ukiwa kwenye ngazi jicho linaona ukuta, linaona udongo, linapima umbali, na mwili unajua kabisa utakapoangukia. Ukiwa futi 12,000 juu, yaani kama mita 3,650, hakuna cha kupimia: bahari inaonekana kama kitambaa kilichotandikwa, minazi imekuwa vidoti, na akili haiamini kwamba pale ndipo chini. Mimi kilichonitisha ni mlango. Ulipofunguliwa, kelele na baridi viliingia kwa pamoja, mwalimu akasogea hadi ukingoni nami nikiwa nimening'inia kifuani pake, miguu yangu ikawa nje haina pa kukanyaga. Hapo hakuna anayekuuliza maoni, na kwa kweli nashukuru kwamba sikuulizwa.

Kazi yako ni ndogo sana. Unashika mikanda ya kifuani, unaegemeza kichwa kwenye bega la mwalimu, unapinda mgongo kama ndizi huku miguu ukiikunja nyuma, basi. Mara tu mnapotoka, mwalimu huachia mwavuli mdogo wa kupunguza kasi, kwa sababu watu wawili waliofungwa pamoja wangeporomoka kwa kasi kuliko mtu mmoja. Kwa mwavuli huo mnabaki kwenye kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa. Akikugonga begani, unaachia mikanda na kunyoosha mikono. Nilitarajia tumbo linyanyuke kama basi linapoteremka Kitonga, lakini halikunyanyuka, labda kwa kuwa ndege yenyewe ilikuwa tayari inakwenda kwa kasi. Nilihisi zaidi kama ninalalia upepo mzito. Kupumua kunawezekana kabisa, ila watu hubana pumzi kwa hofu, kwa hiyo piga kelele, maana huwezi kupiga kelele bila kuvuta pumzi.

Sehemu hiyo huchukua kama sekunde 45. Kwenye futi 5,000 hivi mwavuli mkubwa hufunguka, unahisi umevutwa juu kwa nguvu, kisha kelele zote zinakoma. Ukimya ule sikuutarajia. Mwalimu alizungumza nami kwa sauti ya kawaida, akaniuliza ninatoka wapi, tukaongelea chai ya Rungwe tukiwa hewani. Dakika tano au sita baadaye aliniambia niinue miguu, tukatua kwa kukaa kwenye mchanga.

Jambo moja la kukutuliza wewe mtu wa milimani: kilele cha Rungwe kiko karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Kama umewahi kukipanda, basi hewa ya mahali unaporukia haipishani sana na ile uliyokwisha kuivuta.

Mama Kihesa:

Kamwene mwanangu. Mimi ni muuguzi hapa Iringa, na nakiri mapema kwamba mimi mwenyewe singeruka hata kwa kulipwa. Hata hivyo kuna mambo ya afya ambayo ndugu wa Tukuyu ameyaruka.

Kwanza ni mafua. Ukiwa na mafua au pua zimeziba, usiruke, kwa sababu unashuka kilomita kadhaa kwa dakika chache, na shinikizo la hewa nje ya sikio linabadilika upesi kuliko linavyoweza kusawazishwa ndani. Maumivu yake ni makali na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Kama pua ziko wazi, meza mate au bana pua na kupuliza taratibu mkiwa chini ya mwavuli. Pili, kama una shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, kifafa, au uliwahi kuumia mgongo, muone daktari kabla ya safari, tena umwambie waziwazi unakwenda kufanya nini. Tatu, ukiwa pwani watu watakushawishi kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa. Usifanye hivyo siku moja kabla ya kuruka, kwani gesi iliyoyeyuka kwenye damu chini ya maji hutengeneza mapovu mtu anapopanda juu haraka.

Halafu kuhusu baridi: joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Diani ikiwa nyuzi 30, juu huko ni kama nyuzi 6. Vaa kama mtu anayeamkia shambani Makete mwezi wa Juni, ingawa chini watu watakuwa wanatoka jasho.

Mama yako mwambie. Mtoto akinificha jambo kama hilo nikaja kuliona kwenye picha za simu, nitaumia zaidi ya kuogopa.

Fundi Mwanjelwa:

Ninaongezea machache ya kiufundi kwa ajili ya huyo mama, ili kijana awe na la kumweleza. Mfuko ule wa mgongoni una miavuli miwili, mkubwa na wa akiba, na ule wa akiba hukunjwa na fundi mwenye cheti. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachopima shinikizo la hewa, na kikiona watu bado wanaporomoka kwa kasi wakiwa wamekaribia ardhi, hufungua mwavuli wa akiba chenyewe hata kama mwalimu amezimia. Hatari haijaisha, na ndiyo maana utapewa fomu ya kukubali kwamba unaijua. Isome kabla ya kusaini, na uulize bima yako kama inagharimia mchezo huo, kwa kuwa bima nyingi haziugusi.

Uliza pia mambo mawili kabla hujapanda basi: uzito wa mwisho wanaoupokea, ambao mara nyingi huwa karibu kilo 100, na utaratibu wao hali ya hewa ikiharibika. Rafiki yangu aliyekwenda kuruka mahali pengine alikaa siku mbili akitazama mawingu, kisha akarudi nyumbani bila kuruka wala kurudishiwa fedha.

Na kwa wanaojiuliza kwa nini tusirukie hapa kwetu: uwanja wa Songwe wenyewe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kadiri ardhi ilivyo juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na mwavuli unavyotua kwa kasi zaidi. Ongeza upepo unaozunguka kwenye milima. Haishindikani, lakini kwa mtu wa mara ya kwanza mchanga wa pwani una huruma zaidi.

Kijana wa Uyole:

Ndaga fijo nyote, na shikamoo Mama Kihesa. Jana jioni nilimweleza mama. Alinyamaza kwa muda, akauliza kama huyo mwalimu ana watoto, nami nikamjibu kwamba sijui. Akasema niulize, kwa sababu mwenye watoto huwa mwangalifu. Leo asubuhi nimepanda kwenye mzani wa mnunuzi wa viazi pale sokoni, mbele ya watu wote, nikapata kilo 84. Pasipoti ninayo, kilichobaki ni kutafuta koti jepesi na kuomba nisipate mafua.