Mtoto wangu yuko shule ya Kalasinga na sisi sio Kalasinga, nashiriki vipi kweli kweli?

MamaNasra

Habari zenu wapendwa, naomba mawazo hasa nyie mlioko Uingereza. Mwanangu kaanza darasa la kwanza kabisa Septemba kwenye shule ya msingi ya Kalasinga huku magharibi ya London. Sisi ni Waislamu, tuliiomba kwa sababu kwa miguu dakika 6 tu na wazazi wa mtaani wanaisifia, tukapata. Shule na gurdwara, yaani hekalu lao, vina geti moja. Mtoto ana raha, siku ya kwenda gurdwara anakumbuka kitambaa chake cha kichwa kabla sijamwambia.

Sasa shida yangu ni hii, kila nikialikwa najikuta mgeni, sikukuu zao naenda, nakaa, nalishwa vizuri, napigwa picha, narudi nyumbani. Halafu ile picha naiona imewekwa kwamba shule inashirikiana na jamii. Jamii ipi jamani wakati jirani zangu wengi hawajawahi hata kuvuka lile geti? Na wiki ijayo kuna mkutano, shule inataka kuongeza madarasa na majirani wamekasirika kwa ajili ya magari ya asubuhi, na wana haki, nimeshuhudia mzee mmoja kazibiwa njia hawezi kutoa gari lake aende kliniki. Shule imetuomba wazazi tusio Kalasinga tuje tuseme mazuri. Nayasema bila shida maana mazuri yapo, ila sitaki kuitwa siku ya kusifia tu. Naweza kuingia kwenye maamuzi ya shule? Jikoni kwao pale gurdwara naruhusiwa kufanya kazi au ni kwa waumini tu? Na chakula chao kwa Muislamu kikoje?

JiraniWaHayes

Karibu dada. Mimi watoto wangu wawili wamepita shule ya aina hiyo kwa hiyo hili naliongea kwa uzoefu. Kitu cha kwanza elewa kwamba hapo hujafadhiliwa, ile shule inaendeshwa na pesa ya serikali, kodi yako na ya yule mzee aliyezibiwa gari imo humo. Hapa kwetu Hayes ndiko ilikoanzia, ile ya Guru Nanak ilifunguliwa 1993 ikiwa ya kulipia, ikaingia mfumo wa serikali 1999, ndio ya kwanza ya Kalasinga nchi nzima. Baadaye zikaja nyingine zile za mpango wa shule huria (free schools), za pesa ya serikali lakini haziko chini ya halmashauri, na hizo zikijaa zinaruhusiwa kuchagua kwa dini nusu tu ya nafasi, nusu ya pili inabidi iwe wazi kwa yeyote. Kwa hiyo uulize yenu ni ya aina gani maana kanuni hazifanani.

Kuhusu maamuzi, kuna bodi ya shule na ndani yake kuna viti vya wazazi, angalau 2, na vinapigiwa kura na wazazi wenyewe. Dini yako haihusiki kabisa hapo. Nikwambie ukweli lakini, kama ni ya mfumo wa zamani ule unaoshirikiana na halmashauri basi walioianzisha ndio wanateua wajumbe wengi zaidi, kwa hiyo usitegemee kubadilisha mambo ya imani ya shule, na kwa maoni yangu sio haki kujaribu, uliichagua ukijua ni ya Kalasinga. Lakini bajeti, usalama, barabara, chakula, jinsi ya kuongea na majirani, hayo yote ni ya bodi nzima na sauti yako inahesabika. Mimi nilikaa miaka 4. Mikutano ni mirefu na makaratasi ni mengi, ila hapo ndipo mambo yanapoamuliwa, sio kwenye sherehe.

Halafu jua pia sheria inakupa haki ya kumtoa mtoto kwenye ibada ya shule au somo la dini ukitaka. Mimi sikumtoa, nilikuwa namuuliza jioni amejifunza nini tunaongea.

MzeeWaKisumu

Salaam mama Nasra. Mimi ni Singasinga, nimezaliwa Kisumu, baba alikuwa fundi, tulikuja huku 1968 nikiwa kijana mdogo, Kiswahili sijakiacha. Nakujibu la jikoni kwa sababu hilo ndilo linaniuma.

Langari, yaani kile chakula cha jikoni la gurdwara, sio chakula cha wageni. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yetu, alitaka watu wa kila tabaka wakae chini mstari mmoja wale chakula kimoja, India ya wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa sana, watu walikuwa hawali pamoja. Guru wa tatu, Amar Das, akaweka utaratibu kwamba mtu ale kwanza na wenzake ndio aonane naye, na sisi tunasimuliwa kwamba hata Akbar, mfalme wa India wakati huo, alikaa chini akala. Sasa anayekaa mstari kula anaweza pia kusimama kupika. Kazi hiyo tunaiita sewa, hailipwi na haiulizi dini. Njoo Jumapili asubuhi, vua viatu, funika kichwa (wewe ushafunika tayari), nawa mikono, sema nimekuja kufanya sewa. Utapewa kitunguu au sahani, usisubiri mwaliko.

Chakula hakina nyama wala samaki wala yai, makusudi kabisa ili mtu yeyote aweze kula. Pombe na sigara haviingii hata getini. Ukumbini utaona watu wanainama mbele ya Guru Granth Sahib, kile kitabu chetu, wewe halikuhusu, kaa kwa utulivu inatosha. Ukipita mtu anagawa halua ya ngano, hiyo imesomewa dua zetu, kama dhamiri yako haikubali fumba mikono sema asante, hakuna atakayekasirika.

Na nakubaliana na wewe kwamba tunakosea. Sisi tunajua uchungu wa kubaki nje. Birmingham mtoto wetu alikataliwa shule kwa sababu ya kilemba, kesi ikapanda mpaka Bunge la Mabwana, ndio ilikuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule, 1983 tukashinda. Watu waliopita hayo wakaweka shule zao, halafu tunasahau kumfungulia jirani. Matangazo tunabandika kwa Kipunjabi peke yake, tunamkumbuka jirani tukitaka kibali cha ujenzi. Hapana. Hekalu letu la Amritsar lina milango 4, kila upande mmoja, kila mtoto wetu anafundishwa maana yake. Hata zile shule za Nishkam kule Handsworth, Birmingham, zimetokana na jumuiya ya Baba Puran Singh, aliyeishi Kericho miaka mingi kabla ya kuja huku, na zinapokea watoto wa dini zote. Kwa hiyo mwambie mwalimu mkuu hivi hivi ulivyotuandikia.

DerevaWaBasi

La magari nina neno maana napita na basi mbele ya shule mbili kila asubuhi. Maneno matamu mkutanoni hayatamsaidia yule mzee. Halmashauri nyingi za London zinafunga barabara ya mbele ya shule saa ya kuingia na kutoka, wakazi wenyewe wanapewa ruhusa kupita, ombeni hiyo. Na gurdwara yenu kama ina sehemu ya kupaki, asubuhi za katikati ya wiki inakuwa tupu, kwa nini wazazi wasishushe watoto mle ndani? Mtu aulize hilo kwa sauti.

MamaNasra

Asanteni sana, mzee wa Kisumu nimekusoma mara mbili. Jumapili nilienda. Nilimwambia bibi mmoja jikoni nimekuja kufanya sewa, akanivuta mkono moja kwa moja kwenye meza ya chapati. Wao unga hawaukandi na mafuta kama sisi, wanachoma kavu halafu wanapaka siagi juu, tumesukuma pale karibu masaa mawili, hatuna lugha moja na tulielewana. Baadaye nikaosha sahani na baba mmoja ambaye kumbe ni katibu wa kamati ya gurdwara, nikamtolea lile la kupaki. Akasema hakuna aliyewahi kuwauliza, funguo za geti la nyuma anazo yeye.

Nimemuomba aje mkutanoni Alhamisi aliseme mwenyewe mbele ya majirani, amekubali, na mimi nitapita kwa yule mzee nimuombe aje akae karibu na sisi. Fomu ya kugombea kiti cha wazazi nimeichukua pia. JiraniWaHayes, ile sehemu ya kujieleza wewe uliandika nini?