Mazoezi ya bi mkubwa wa miaka 63, ufukweni Bagamoyo

Swali: Shikamooni wakubwa. Magoti ya bi mkubwa yanakaza asubuhi. Kutembea ufukweni kunamfaa?

Jibu: Marahaba. Kunafaa, ila maji yakishakupwa, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Ule mkavu kisigino kinazama, goti linajipinda. Pwani ikiinama, mguu mmoja unabeba zaidi. Basi ageuze njia kila dakika 5. Aanze na dakika 10, apande taratibu hadi 30, siku 5 kwa wiki.

Jibu: Mapaja nayo yanataka nguvu. Kiti kigumu kiegemee ukuta. Aketi na kusimama mara 8, apumzike, arudie. Kosa la wengi ni kujitupa kitini! Ashuke akihesabu hadi tatu.

Jibu: Aende na shoga zake. Akiweza kusogoa lakini kuimba hawezi, kasi inayomfaa ni hiyo hiyo. Goti likivimba, zahanati kwanza.