Programu ya duka (ya kurekodi mauzo na stoo): tuuze mara moja au tulipwe kila mwezi?

Kizaro: Kuuza mara moja ni kujichimbia shimo. Umechukua laki tano yako. Mwaka unaofuata seva (kompyuta ya mtandaoni inayotunza data) inadai malipo, simu za Android zimebadilika, mteja anakupigia saa tatu usiku kwa hela ileile. Toza 25,000 kwa mwezi, asiyelipa mfumo ujifunge. Wenye maduka bila kufungiwa hawalipi.

MamaStoo: Hatulipi? Kodi ya fremu tunalipa miezi sita kwa mkupuo! Kinachoudhi ni programu kufungwa Jumamosi mchana, wateja wamejaa. Muuzaji anarudi kwenye daftari, jioni stoo haiwiani.

Tarakimu: Mama yuko sahihi. Usifunge mauzo, funga ripoti. Tuma SMS zikibaki siku 7, 3 na 1. Tarehe ya mwisho ya leseni, yaani muda aliolipia, ikae kwenye simu yenyewe. Ukiuliza seva kila mauzo, mtandao ukikatika hata aliyelipa anafungiwa.

Kizaro: Ukiacha mauzo wazi umegawa bure. Ripoti anasoma nani?

Tarakimu: Bosi. Muuzaji yuko Kariakoo, bosi yuko Kigoma; anachonunua ni kujua leo kimeuzwa nini na kimebaki nini. Ripoti ikizimika usiku, asubuhi analipa.

Mhasibu wa Mtaa: Na hiyo laki tano haifiki yote. Mteja akiwa kampuni, anakata kodi ya zuio, 5% ya malipo ya huduma, na kuipeleka serikalini kwa jina lako. Dai cheti cha zuio, kinapunguza kodi yako ya mwaka. Tena kama hujasajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), usiongeze 18% kwenye ankara. Ni kosa.

Kizaro: Sikuuliza kodi. Mama anatetea wadaiwa sugu.

MamaStoo: Mdaiwa sugu nani? Mtu kalipa kwa simu, mfumo bado unasema hajalipa!

Tarakimu: Hilo ni kosa la fundi. Taarifa ya malipo huweza kuchelewa, kupotea au kuja mara mbili. Namba ya muamala isikubalike kuingia mara mbili, la sivyo mtu anapewa miezi miwili kwa malipo ya mmoja. Malipo ambayo bado hayajathibitishwa, mfumo uyaulizie wenyewe kila dakika kumi.

MamaStoo: Na mtu akiamua kuacha? Bidhaa 3,000 zilizoingizwa kwa mkono anazichukuaje?

Tarakimu: Kwa faili la CSV, jedwali linalofunguka hata kwenye Excel. Kitufe cha kulipakua kibaki wazi hata leseni ikiisha, na kiandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza.

Kizaro: Ahamie kwa mshindani na data zangu?

MamaStoo: *Zako?*