Prado 95 inagonga chini: spesa, springi au seti nzima?

Kigwe_Mloka
Wakuu, habari za leo. Nina Prado 95 ya mwaka 1998, injini ya 1KZ, gia za mkono. Mjini sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza nikiacha lami pale Kibiti kuelekea Mloka, kwenye njia ya shamba. Mvua ikinyesha malori yanachimba mifereji miwili, katikati panabaki tuta, na jua likiwaka lile tuta linakuwa gumu kama tofali. Bamba la chini ya injini limeshakunjika mara mbili. Na nikipakia mbolea, gari inakaa nyuma kama kuku aliyeatamia.

Nina milioni moja na nusu, hela ya ufundi humo humo. Nimezunguka maduka ya spea Gerezani nimerudi na njia nne. Kuna spesa, zile sahani zinazokaa juu ya shokapu za mbele, na mipira chini ya springi za nyuma. Hiyo haifiki laki nne. Kuna springi mpya za kunyanyua inchi mbili, shokapu zibaki hizi hizi. Kuna seti nzima ya kampuni ya Old Man Emu au Ironman, springi na shokapu zote, ila hiyo inaimeza bajeti yangu karibu mara mbili. Na kuna fundi mmoja anataka anyanyue bodi juu ya chesisi kwa vipande vya mpira, anasema gari itakuwa ndefu hasa. Aliyepita njia hizi anisaidie.

Bushi_Mpya
Mkuu, hiyo ya nne iondoe kabla chai haijapoa. Ukinyanyua bodi umenyanyua milango, viti na wewe mwenyewe. Injini, giaboksi, difu (lile bonge la gia kati ya tairi) na hilo bamba lako vyote viko chini na chesisi, vinabaki pale pale. Unachopata ni nafasi ya tairi kubwa. Halafu kazi ndiyo inaanza: shafti ya usukani haifiki vizuri, bomba la kujazia mafuta limevutika, feni inakwangua kava ya rejeta.

Jini_la_Rafurodi
Weka spesa, maisha yaendelee. Ninayo 95 kama yako, mwaka wa tatu huu ina spesa za milimita 25 mbele. Inapiga Mbezi hadi Handeni na kurudi, haijawahi kunilaza njiani. Watu humu wanapenda kutishana.

FundiMstaafu
Spesa si dhambi, ila ujue umenunua nini. Kwenye 95 shokapu ya mbele imekaa karibu na katikati ya amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika tairi, iko mbali na tairi lenyewe. Kwa hiyo sahani ya milimita 25 juu ya shokapu inanyanyua gari karibu mara mbili ya unene wake. Nimepokea vijana walionunua sahani ya milimita 50 wakidhani watapata inchi mbili. Gari imesimama kama mbuzi aliyeona chatu, sivijointi, vile viungo vinavyozungusha tairi za mbele, zimepinda hadi mipira yake imechanika, grisi imetapakaa ndani ya rimu.

Halafu spesa ni za aina mbili, na wauzaji wanazichanganya. Moja inakaa juu ya kifuniko cha shokapu, nje kabisa. Hiyo haibadilishi ulaini wa springi, lakini tairi likiingia shimoni linaning'inia chini kuliko alivyokusudia Toyota, na sivijointi na bolijointi (kile kiungo cha kibonge kinachounga amu na tairi) ndizo zinazoumia. Nyingine inakaa ndani, kati ya springi na kifuniko chake. Hiyo inaikandamiza springi. Gari inapanda, ila shokapu inakuwa imeshavutika sana hata gari ikiwa imesimama, na kila ukishuka tuta unasikia "ta!" mbele. Shokapu imefika mwisho wake hapo.

Jingine, na hili naomba msilipite. Bolijointi ya chini ya 95 imekaa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta ichomoke. Kwenye magari mengi uzito unaikandamiza tu. Ikilegea haikupi muda mrefu. Inachomoka, tairi linalala chini ya fenda, na kama ulikuwa spidi themanini ni habari nyingine. Usinyanyue milimita hata moja kabla hujazikagua. Na kwenye hizo usibane hela, nunua za Toyota mwenyewe.

Sasa nikuulize mkuu, umepima? Gari ina miaka zaidi ya ishirini na mitano. Huenda nusu ya urefu unaoutafuta ulikuwa wako, springi zimeukalia. Weka gari sehemu tambarare, tangi nusu, ndani pasiwe na mzigo. Isukume juu na chini mara mbili tatu ili itulie. Chukua futi ya kamba, pima kutoka katikati ya kifuniko cha rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne. Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya.

Dada_Naabi
Niko Arusha, naendesha wageni. Kutoka Ngorongoro kushuka kwenda lango la Naabi barabara ina mawimbi ya changarawe kama bati la nyumba, gari inatetemeka hadi meno. Huko ndiko nilikojifunza kwamba urefu siyo kitu cha kwanza. Prado yangu ya kwanza niliwekewa springi mpya ngumu juu ya shokapu za zamani. Nusu saa tu shokapu zilikuwa za moto, ukigusa unaondoa mkono, na nyuma ya gari ikaanza kuhama yenyewe kama inacheza mdundiko. Springi inabeba, shokapu inatuliza. Ukiweka springi yenye nguvu kwa shokapu iliyochoka, umempa farasi mkali kamba ya katani.

Kaka Kigwe, zingatia pia uzito. Springi za nyuma zinauzwa kwa mzigo: nyepesi, za kati, nzito. Mimi nilidanganywa nikachukua nzito. Nikiwa na wageni sita na keria imejaa, raha tupu. Nikirudi peke yangu, nilikuwa narushwa kama niko kwenye trekta. Wewe ni mifuko mingapi kwa kawaida?

Kigwe_Mloka
Sita ya kilo hamsini, mara chache nane. Wiki nyingine nakwenda bila mzigo.

Nimepima asubuhi hii. Mbele kushoto milimita 486, mbele kulia 474. Nyuma kushoto 489, kulia 478. Upande wa dereva umelala wote! Siku zote nilidhani ni uwanja wangu ndio haujanyooka. Shokapu za mbele ni za kampuni ya KYB, nilizifunga mwaka jana, bado kavu. Za nyuma moja inavuja.

Mkubwa_wa_Magadi
Salamu kutoka Nairobi. Hapo ndipo mimi pia nilianguka. Gari hizi hulala upande wa dereva, ndiyo maana seti nyingi huja na springi ya kulia na ya kushoto zikitofautiana kidogo urefu. Fundi wangu wa jua kali hakusoma lebo, akazigeuza. Nililipa pesa mzuri gari ikazidi kuinama!

Niongeze moja ambayo bado haijaguswa. Hakuna springi inayonyanyua difu ya nyuma, iko kwenye ekseli, na ekseli imeshikwa na tairi. Kama hilo tuta la kwenu hugusa difu, dawa ni tairi tu. Kutoka tairi za saizi 265/70R16 kwenda 265/75R16 difu inapanda kama milimita 13. Ni kidogo, lakini huko Magadi kwenye mawe nimeiona kazi yake. Spidomita itadanganya kidogo tu: ikionyesha 100, uko kwenye 103 hivi. Kama tairi zako bado ziko sawa, subiri ziishe kwanza.

FundiMstaafu
Naam, sasa tunaongea. Nyuma nako kumelala na ndiko mzigo uliko, anza na huko: springi za mzigo wa kati na shokapu ndefu mbili mpya. Mbele funga springi mpya zinazonyanyua kidogo juu ya KYB ulizonazo, usizidi milimita 40. Spesa huzihitaji.

Ukifika gereji, mambo matatu yasimamie mwenyewe hata ukiambiwa ukae kwenye benchi. Springi za mbele zifunguliwe kwa kibanio chake. Niliwahi kumkuta kijana kaifunga kwa waya wa chuma. Ile kitu ikiachia inapasua paa, sembuse kichwa. Za nyuma hazihitaji kibanio, ekseli ikishushwa zinatoka kwa mkono. Pili, bolti za bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya amu, zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa matairi yake. Zikikazwa gari ikiwa hewani, bushi inabaki imejinyonga na itachanika mapema. Tatu, angalia kama kuna vali ya breki yenye mkono ulioungwa na ekseli ya nyuma. Gari ikipanda, ile vali inadhani huna mzigo, inazinyima breki za nyuma. Irekebishwe.

Kisha alaimenti, yaani kunyoosha tairi zikae sawa, siku hiyo hiyo. Zile bolti za kurekebishia kwenye amu za chini mara nyingi zimeganda kwa kutu. Zimwagie mafuta ya kulainisha kutu wiki nzima kabla.

Kigwe_Mloka
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nimefuata maneno ya Fundi. Bolijointi ya chini kulia ilikuwa inacheza, tukiitikisa kwa mtaimbo inaitikia. Nimebadilisha zote mbili, bajeti imepasuka kwa laki mbili na ushee, nimekubali. Bolti moja ya alaimenti ilikatwa kwa grainda.

Vipimo vipya: mbele 516 na 514, nyuma 532 na 530. Na mifuko sita nyuma inashuka hadi 505, bado imezidi ilivyokuwa tupu. Juzi nimekwenda Mloka. Lile tuta bado linanisalimia sehemu mbili, ila kwa kukwangua tu, halinipigi tena. Ikiwa tupu inadunda kidogo, naivumilia.

Dada_Naabi
Hongera kaka. Kaza bolti zote tena ukifikisha kilomita elfu moja.

Jini_la_Rafurodi
Nimelala chini ya yangu leo na tochi. Mpira wa sivijointi ya kushoto umechanika, grisi iko hadi kwenye breki. Fundi, uko wapi siku hizi, nije Jumamosi?